Mdomo Ulioiva

Watu wengi wakikutana nawe hukutazama machoni. Namjua mmoja tu anayetazama mdomo kwanza, na mwezi uliopita alisimama mbele ya meza yangu ya mawese pale soko la Mwanga, hapa Kigoma, mzee mwenye fimbo na kofia ya kitambaa, akaniuliza bei ya dumu dogo huku macho yake yameganda kwenye midomo yangu. Nikamwambia, "Shikamoo, daktari." Akashtuka. Nywele zangu zimekuwa nyeupe na zake zimekwisha kabisa, lakini nilimjua kwa kule kutazama kwake. Nilipokuwa msichana alikuwa tabibu wa meno hapa kwetu, mtu wa Kilimanjaro aliyeletwa na serikali, jina lake Anaeli. Sasa amestaafu, na alikuja kumtembelea binti yake anayefundisha sekondari. Sikumruhusu anunue kitu. Nilimwekea kigoda, nikaagiza chai, na kabla chai haijafika akasema, "Dafroza, hebu fungua." Nikafungua, mbele ya wateja, mwanamke wa umri wangu. Akanigeuza uso upande wa jua, akauvuta mdomo wa chini kwa kidole gumba, akachungulia kushoto na kulia, akauachia. "Safi," akasema. Kisha akaniuliza habari za Bi Mwamvita, nami nikamweleza mpaka chai ikapoa. Tangu siku hiyo mwaka tuliokutana sisi watatu haunitoki kichwani, na nimeona niuandike. Habari za ukoo wangu siandiki, hazina faida kwa mtu. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema, na asiyependa aweke chini.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipokwenda Ujiji kujifunza kutengeneza ugoro. Ugoro ni tumbaku iliyosagwa ikachanganywa na magadi na maji kidogo, na mlaji huuweka chini ya mdomo, kati ya mdomo na ufizi, akatulia nao. Wavuvi wa dagaa ndio walikuwa watu wake wakubwa. Mvuvi ana mikono iliyolowa, kuna upepo, kuna taa za karabai na mafuta ya taa ndani ya mtumbwi, sigara ataiwasha wapi? Ugoro hautaki kiberiti. Na ugoro wa Bi Mwamvita ulijulikana ufuko wote, mpaka ng'ambo ya pili ya ziwa kwa Wakongo. Alikuwa mjane wa Kimanyema, mfupi, mpana, mwenye sauti ya kukatisha maneno ya mtu. Mimi nilikuwa nikimletea majani ya tumbaku kutoka Kidahwe, mzigo kichwani, na siku moja alipong'ata jani ili alipime nikamwahi kusema kwamba hilo lilikaushwa juani na lile la pili kivulini, maana nami nilikuwa nimekwisha kuyang'ata njiani. Akanitazama. Akaniambia mzigo nimwachie mtu mwingine aubebe, mimi nije na ulimi wangu.

Chumba cha kazi kilikuwa nyuma ya nyumba, kina dirisha moja dogo, na kuta zake zilikuwa za rangi ya kahawia kutoka chini mpaka darini ingawa hakuna aliyewahi kuzipaka. Ulikuwa ni unga wa tumbaku wa miaka. Katikati kulikuwa na kinu kirefu, pembeni mawe ya magadi ndani ya beseni, na juu ya mkeka vitambaa vya kuchekechea. Mgeni akiingia hupiga chafya mara tano, sita, na Bi Mwamvita humngojea amalize ndipo amwitikie salamu. Sisi wenyeji hatukupiga chafya. Wiki ya kwanza nilidhani nitakufa, wiki ya tatu nilikuwa nikilala humo mchana kama mtoto.

Kutwanga mtu yeyote anaweza. Kazi ilikuwa kuonja. Kila mchanganyiko uliotoka kinuni ulipita mdomoni kabla ya kwenda kwenye kopo. Unachukua kidogo kwa vidole viwili, unaweka chini ya mdomo, unanyamaza, unasikiliza. Ukikuuma mbele kabla haujakuuma pembeni, magadi yamezidi. Ukikaa kimya kama udongo, yamepungua. Wa wavuvi ulitakiwa upande kichwani haraka, wa akina bibi wa Kasulu ulitakiwa uje taratibu kama mgeni mwenye adabu. Hakukuwa na mizani wala kipimo. Mizani ilikuwa ulimi na huo mdomo wa chini, na tulionja toka asubuhi mpaka adhuhuri, tukitema kwenye mkebe wenye mchanga.

Sasa niwaambie jambo ambalo hata leo nikilisema watu hudhani natunga. Katika kazi ile kulikuwa na cheo, na cheo chenyewe kiliwekwa mdomoni. Mwanzoni ndani ya mdomo wako ni pekundu kama pa kila mtu. Ukionja miezi, mahali unapoweka ugoro hugeuka peupe, pakakunjamana kama ngozi ya kidole kilichokaa majini. Hapaumi, na ukipafuta hapafutiki. Hapo husemwa mdomo wako umeiva. Bi Mwamvita aliujua utaratibu huo kwa mama yake, na mama yake kwa aliyemfundisha. Msichana ambaye mdomo haujaiva alichanganya ugoro wa akina bibi tu, wa wavuvi hakuusogelea. Siku yangu ya kwanza Bi Mwamvita alivuta mdomo wake wa chini mbele yangu kama mtu anayefunua shahada ukutani, akaniambia nikiona kwangu pamekuwa hivi, hapo nitajua nimesoma.

Mimi nilikuwa na njaa ya kusoma. Shule ilinikataa, hii ningeipasua. Nilianza kukaa na ugoro mdomoni hata wakati usio wa kazi, nikifua, nikisuka, nikienda kisimani. Kila asubuhi nilichukua kipande cha kioo nikajitazama. Miezi minane ilipita. Siku nilipoona peupe, kama ukucha wa mtoto, nilikimbia uani nikiwa nimeushika mdomo kwa mkono ili nisiupoteze. Bi Mwamvita alichungulia, akapasugua kwa ncha ya khanga, hapakufutika. Akachinja jogoo. Tulipika kuku wa mawese, wali, na sombe la majani ya muhogo lililopondwa mpaka likawa kama uji, na majirani wakaitwa kula. Nilikaa kwenye mkeka katikati ya wanawake wazima, kila mmoja akitaka nimfunulie. Nilipokwenda jikoni kuongeza wali nikamsikia Mama Asha wa nyumba ya tatu akimnong'oneza mwenzake kwamba shangazi yake kule Uvira alikuwa na mdomo kama huu, na mwisho wake alikuwa akila uji kwa kijiko kidogo, upande mmoja. Mwenzake akamwambia anyamaze, wivu mbaya. Nami nikasema moyoni, ni wivu kweli. Nikabeba wali wangu.

Wiki chache baadaye jino la nyuma lilianza kunisumbua, nikaenda hospitali ya Kigoma mjini kuling'oa. Huyo Anaeli alikuwa kijana bado, shati limepigwa pasi, Kiswahili chake cha kwao kule mlimani. Aling'oa jino vizuri, sikatai. Lakini alipomaliza hakuniachia. Alivuta mdomo wangu wa chini akakaa anatazama, akasogeza taa, akatazama tena. Mimi nikafurahi. Nilijua ameona kazi ya mtu. Nikiwa na pamba mdomoni nikamwambia, "Umeiva."

Akauliza nini kimeiva. Nikamweleza yote: kinu, magadi, cheo, hata jogoo. Alinisikiliza bila kucheka, na hilo ndilo lililoniponza, maana angecheka ningeondoka. Akaniambia kile si cheo. Nyama ya ndani ya mdomo imechoshwa na tumbaku, imejitengenezea sugu, na sugu ya namna hiyo kwa baadhi ya watu hukaa tu, na kwa wengine hugeuka saratani baada ya miaka, na hakuna anayejua kwa macho nani ni nani. Nikamwambia doa langu haliumi. Akasema, "Dada yangu, ndiyo hila yake. Lingekuuma ungekuja mapema." Akaniambia langu ni changa, nikiacha ugoro kabisa huenda likaondoka lenyewe, nirudi baada ya wiki tatu alitazame. Kisha akanieleza la kuogopa zaidi: doa jeupe likichanganyika na jekundu, au kidonda kisichopona wiki mbili, au mahali pagumu kama kokwa. Nikiona hivyo kwa mtu yeyote nimlete, hata kwa kumburuta.

Nilirudi Ujiji kwa miguu, taya limevimba, hasira imenijaa. Mtu mmoja ananivua shahada yangu niliyoitafuta miezi minane. Lakini maneno yake ya mwisho hayakunitoka. Jioni, tukiwa tunakula, nilimtazama Bi Mwamvita na kwa mara ya kwanza nikaona nilichokuwa nikikiona kila siku. Aliacha ugali wake upoe kabisa. Samaki alimtafunia upande wa kulia tu. Pilipili aliisukuma pembeni, na alikuwa mtu wa kutafuna pilipili mbichi kama karanga. Nikamwomba anionyeshe tena mdomo wake, nikasingizia nataka kulinganisha na wangu. Akauvuta kwa fahari ile ile. Peupe palikuwepo, pana. Na kwenye ukingo wa kushoto palikuwa pekundu, pameparara, kama nyama ya samaki aina ya mgebuka aliyetoka kupasuliwa.

Nilikaa siku mbili bila kusema. Siku ya tatu nilisema vibaya, maana mimi sijui kusema kwa kuzunguka. Nilimwambia mdomo wake unaoza. Akaweka mchi chini. Akaniambia kumbe nilikwenda hospitali kutafuta maneno ya kumtoa kazini, nibaki na kinu na wavuvi wake. Akasema Muha kama mimi ukimpa mkeka atataka na kitanda. Nikamjibu kwamba kitanda chake kina kunguni, sikitaki. Hatukusemeshana wiki nzima, tukitwanga kinu kimoja kwa zamu, kila mtu ametazama ukuta wake.

Lakini kimyakimya mimi niliacha kuonja. Nilikuwa mwoga, naliandika wazi. Niliogopa kupoteza kazi na niliogopa kupoteza taya, nikajaribu kuvishika vyote viwili: nilichanganya magadi kwa kukisia, nikajifanya naweka mdomoni, nikatema mate matupu. Siku za mwanzo zilikuwa mbaya. Kichwa kilipiga kama kinu, nilimfokea kila mtu mpaka kuku. Nilitafuna tangawizi. Na ugoro wangu wa kukisia uliharibika kama ulivyostahili. Nahodha Sadiki, mwenye mitumbwi mitatu na mdomo mkubwa kuliko yote mitatu, alirudisha kopo mbele ya watu. Alisema vijana wake wametema ule ugoro ndani ya wavu na dagaa wamekimbia, na kama Bi Mwamvita amezeeka aseme, wao watahamia kwa mwingine.

Bi Mwamvita alilipokea kopo. Aliingia chumbani, akaonja ule wa kopo, akanitazama. Akanisogelea, akanishika kidevu, akauvuta yeye mwenyewe mdomo wangu. Nilijua nimekwisha. Zilikuwa zimepita wiki tatu na siku kadhaa tangu niache kuonja. Alitazama muda mrefu, akanipeleka dirishani kwenye mwanga, akatazama tena. Lile doa lililochinjiwa jogoo lilikuwa limebaki alama kama ya chaki iliyofutwa kwa mkono.

Nilingoja anifukuze. Akaniachia, akakaa juu ya kinu kilicholazwa. Kisha akasema polepole, kama mtu anayepima magadi: "Dafroza, embe likishaiva, wewe umewahi kuliona likirudi kuwa bichi?"

Nikasema sijaona.

"Basi huku hakukuwa kuiva," akasema. "Huu ulikuwa ugonjwa, na umeanza kupona. Mama yangu alinichinjia mbuzi."

Hakuna daktari aliyemshawishi, wala mimi. Alijishawishi mwenyewe kwa akili ya kazi yake, na ndiyo maana hakurudi nyuma. Watu wa hospitali hunijia mpaka leo kuniuliza jinsi ya kuzungumza na wala tumbaku, na mimi huwaambia waache kuwatisha kwa picha. Mtu anayejua kazi yake mpe kitu cha kupima, apime mwenyewe.

Kesho yake alivaa khanga mpya, tukaenda. Anaeli alimtazama, na safari hii hakusema mengi. Alimchoma sindano ya ganzi, akakata kipande kama punje ya mchele, akakitia kwenye chupa yenye dawa, na chupa ikapanda treni kwenda hospitali kubwa ambako kuna watu wa kuitazama nyama kwa mashine. Mimi aliniambia niendelee hivyo hivyo. Tukangoja. Treni ya Kigoma mnaijua, na majibu yalikuja kwa mwendo wake. Wiki zile Bi Mwamvita hakuonja, hakutwanga, alikaa uani akitafuna karafuu na kugombana na kila apitaye. Aliniambia yuko tayari kwa kaburi ila hayuko tayari kwa uji wa kijiko kidogo. Kumbe siku ya jogoo naye alimsikia Mama Asha.

Katika kungoja huko ndiko nilikopata maisha yangu, ingawa wakati ule sikujua. Mchana mmoja nilikula mgebuka wa kuchoma na ugali wa muhogo, na ghafla nikaisikia ladha yake. Nikasikia moshi wa kuni, nikasikia chumvi, nikasikia kwamba muhogo ule ulilowekwa siku moja zaidi ya ilivyotakiwa. Mawese yaliyokuwa pembeni nikayalamba, nikajua yamechemshwa mara mbili na yaliwekwa kwenye dumu lililokuwa na mafuta ya taa. Nikamwambia Bi Mwamvita. Akayaonja, hakusikia kitu, akamwita muuzaji akambana mpaka akakiri. Ulimi wangu ulikuwa umelala karibu mwaka mzima chini ya tumbaku. Ndio huo ninaoutumia hadi leo. Wakamuaji wa Kidahwe wananiogopa: nikiweka tone mdomoni huwaambia chikichi zilikaa siku ngapi kabla ya kuchemshwa, na hakuna anayebisha. Nyumba zangu mbili za bati zimejengwa na ulimi huu, si na darasa la tatu.

Majibu yalipofika tulikaa kwenye benchi, mimi na yeye, tumeshikana mikono kama watoto. Anaeli alisoma karatasi kwanza kwa macho. Akasema nyama imeanza kupotea njia. Bi Mwamvita akamwambia aseme Kiswahili. Akasema, "Mama, bado haijawa saratani. Ingekuwa, kama ungengoja zaidi. Lakini bado." Pale pekundu pote patakatwa, patashonwa, na ugoro usiguse tena mdomo huo mpaka mwisho wa uhai wake, na kila baada ya miezi michache aje atazamwe.

Alikataa gari kurudi. Tulitembea, jua kali, ziwa linametameta upande wa kulia, hadi tulipoanza kuziona paa za Ujiji. Hapo akasimama kurekebisha khanga. "Tumepewa bado," akasema. "Wangapi wamepewa hiyo?" Nikaona machozi, na kwa kuwa yeye hakuyafuta, mimi nikajifanya siyaoni.

Habari niliyompa daktari sokoni ni hii: mdomo ule ulikatwa, ukashonwa, ukapona, na Bi Mwamvita aliutumia kusema, kula na kutukana watu kwa zaidi ya miaka ishirini. Alikufa mzee sana, kwa kifua, na pilipili alikula mpaka wiki ya mwisho. Sijifichi kwamba sisi wawili tuliwauzia watu madhara na wengine hawakupewa ile "bado". Siwezi kuwarudisha. Lakini naweza kueleza asubuhi ya siku ya tano baada ya kushonwa kwake, maana nilikuwepo.

Wavuvi walikuja tena na makopo yao matupu, kumi au zaidi, na Nahodha Sadiki mbele. Bi Mwamvita alikuwa amekaa mlangoni mwa chumba cha kazi, mlango umefungwa, mdomo umevimba upande mmoja. Sadiki akasema ameusamehe ule ugoro mbovu, ajaziwe. Akajibiwa, kwa shida kwa sababu ya nyuzi, kwamba ugoro haupo na hautakuwepo. Manung'uniko yakaanza. Mmoja akasema watakwenda kwingine, Ujiji si nyumba moja. Bi Mwamvita akasema waende, lakini kwanza waje mmoja mmoja, wageukie jua, wafungue midomo, maana kwa miaka thelathini yeye ndiye aliyewaambia cheupe ni kizuri, na sasa atawaambia cheupe ni nini. Wakatazamana. Sadiki akacheka, kicheko cha kuwaonyesha vijana wake.

"Bi Mwamvita, mimi ng'ombe wa mnadani?"

"Ng'ombe tungemtazama kabla ya kumnunua," akasema. "Wewe nimekuuza bila kukutazama. Njoo."

Hakusogea. Akanitazama mimi, labda alidhani nitacheka naye. Nikavuta mdomo wangu wa chini nikamwonyesha, mwekundu wote, hauna hata alama. Wale vijana wakasogea kuchungulia. Sadiki akavua kofia, akaitia kwapani, akaja akachuchumaa mbele ya yule mama, akageukia jua, akafumba macho, na akafungua.